Abaya imerudi inanuka udi, mteja anataka pesa zake

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Kisauni, Mombasa. Nauza madera, abaya na mitandio kwa WhatsApp na Instagram. Duka sina, chumba kimoja cha nyumba ndiyo stoo yangu. Mzigo nachukua kwa bei ya jumla Eastleigh, Nairobi, na mara nyingine kwa dada mmoja anayeleta kutoka Dubai. Mteja wa mjini namtumia boda boda, wa mbali namwekea kwenye basi pale Mwembe Tayari. Biashara ilikuwa inakwenda vizuri, ila tangu mfungo mosi uingie na harusi zianze, kila simu ikilia moyo unanipasuka.

La kwanza ni mteja wa Nairobi. Alinunua abaya nyeusi ya shanga, shilingi 4,500, ikamfikia Alhamisi. Jumatatu akaniandikia kwamba haimtoshi, anairudisha. Nikamwambia sawa, ilete, nikijua nitampa saizi nyingine. Kuifungua tu, chumba kizima kikanuka udi. Shingoni imeshika vipodozi, pindo la chini lina vumbi, na shanga za mkono wa kulia zimeng'oka. Nilipomwuliza akasema aliijaribu tu mbele ya kioo. Saizi nyingine hataki, anataka pesa zake zote na nauli. Akaongeza kwamba dada yake anaishi Uingereza, huko mtu anarudisha nguo ndani ya siku 14 bila kuulizwa neno, ila sisi wa huku tumezoea kula pesa za watu. Ameshaniandika kwenye kundi moja la Facebook kwamba mimi ni tapeli, na namba yangu ya simu ameiweka.

Sasa Shangazi, rafiki yangu amenitumia picha aliyoitoa kwenye stetasi ya mtu. Ni yeye mteja, yuko harusini Jumamosi, kavaa abaya ile ile, anacheka. Mkono unaniwasha niiweke kwenye lile kundi watu wajionee wenyewe.

La pili ni mteja wa Malindi. Aliagiza dera la rangi ya damu ya mzee, shilingi 1,500. Lilipomfikia akasema hili ni zambarau. Kusema kweli lina uzambarau kidogo, lakini picha niliyoweka ndiyo niliyopewa na mwenye duka la jumla, na mimi nilimweleza kwamba rangi hubadilika kulingana na simu ya mtu. Hajatukana wala hajapiga kelele, ila kila baada ya siku mbili ananiuliza, "Dada, umeamuaje?"

La tatu ni wa hapa karibu, Mtwapa. Alinunua madera mawili, shilingi 2,800, akalipa kwa M-PESA na boda boda akamfikishia mlangoni. Haikupita saa moja nikapata ujumbe kwamba zile pesa zimerejeshwa kwa aliyetuma, eti alituma kimakosa. Nikimpigia, simu imezimwa.

Mume wangu anasema niandike "mali ikiuzwa hairudishwi" kwenye kila tangazo, yaishe. Wifi yangu anasema niwalipe wote ninyamaze, biashara haigombi. Mimi kwenye abaya moja ya 4,500 napata faida ya 700 hivi. Nikiwalipa wote nafunga. Nisipowalipa jina linaharibika. Nifanyeje?

Mwenye Mitandio, Kisauni

*

Marahaba mwanangu.

Umeniletea kesi tatu ukazijumlisha zikawa mzigo mmoja, ndiyo maana unajiona umezidiwa. Zitenganishe. Wa Malindi ana haki yake kwako na umechelewa kumpa. Wa Nairobi hana haki ya pesa anazodai. Wa Mtwapa amekuibia, na dawa ya mwizi si ile ya mteja mwenye malalamiko. Mumeo na wifi yako kila mmoja amekupa jibu moja la mambo matatu, na hapo ndipo wote wawili walipoteleza.

Naanza na wa Malindi kwa kuwa yeye amenyamaza, na anayenyamaza ndiye husahauliwa. Aliagiza damu ya mzee, amepata kitu kingine, na wewe mwenyewe umeniandikia kwamba lina uzambarau. Basi hakuna mjadala. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo, sharti kilingane na maelezo hayo. Kwa muuzaji wa simu, picha na maneno yaliyo chini yake ndiyo maelezo, kwa sababu mteja hana njia nyingine ya kukijua kitu. Hakukishika, hakukigeuza upande wa ndani, hakukitoa nje akakitazama juani. Amekuamini wewe na macho yako. Kumwambia kwamba simu yake ndiyo inayobadilisha rangi ni kumrudishia yeye mzigo ambao ni wako.

Nakubali kwamba skrini hutofautiana. Lakini tofauti ya skrini haibadilishi dera lenyewe, nawe mwenyewe umeliona kwa macho yako kwamba lina uzambarau. Picha ile haikuwa yako. Mwenye duka la jumla huwa amepewa na kiwanda, na kiwanda hupiga picha chini ya taa kali kisha kikaongeza rangi ili kitambaa kipendeze. Wewe hukuwahi kulilinganisha dera na picha kabla ya kulifunga. Kwa hiyo mrudishie 1,500 yake yote, pamoja na nauli aliyolipa mwanzo, na nauli ya kulirudisha dera iwe juu yako. Kosa likiwa la muuzaji, gharama ya kwenda na kurudi ni ya muuzaji. Akipenda kubaki nalo kwa bei ya chini, mwulize kwa upole, lakini usimlazimishe akubali punguzo mahali pa pesa zake.

Mumeo mwambie hivi: yale maandishi ya "mali ikiuzwa hairudishwi" hayana nguvu anayoyadhania. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamhesabu muuzaji kuwa amehakikisha bidhaa yake ina ubora wa kuridhisha, na sharti lolote lenye kufuta haki hiyo halisimami. Katiba ya 2010 nayo, kifungu cha 46, imempa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupewa habari za kutosha kuhusu anachonunua. Sheria hiyo ya 2012 inagusa hata mauzo ya mtandaoni moja kwa moja. Muuzaji anatakiwa kumweleza mteja mambo ya msingi kabla hajakubali, kumpa nafasi wazi ya kukubali, kukataa au kusahihisha, na kumpa nakala ya walichopatana. Wewe unafanya yote hayo ndani ya WhatsApp pasipo kujua, ila unayafanya nusunusu, na kwenye ile nusu iliyobaki ndipo ugomvi unapoingilia.

Na kwa kuwa wewe ni Mwislamu, haya si mageni kwako. Fiqhi ya biashara imempa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu akikikuta na kasoro aliyofichwa, na anayeijua kasoro akainyamazia amedanganya. Tena iko hadithi katika Abu Daud inayomsifu mwenye kumkubalia mwenzake aliyejuta kununua, akavunja mauzo kwa hiari yake, kwamba Mwenyezi Mungu atamsamehe makosa yake. Lakini tazama vizuri: ile ya kasoro ni haki ya mnunuzi, hii ya kumhurumia aliyejuta ni hisani ya muuzaji. Sheria ya nchi nayo imesimama karibu na hapo hapo. Kitu kibovu au kisichofanana na tangazo ni haki kukirudisha. Kitu kizima ambacho mteja amebadilisha nia juu yake, ni wewe uamue, na masharti ni yako madamu uliyasema mapema.

Sasa twende kwa huyu wa Nairobi.

Abaya haikuwa na kasoro ilipotoka kwako, ilikuwa saizi aliyoiagiza, na imerudi imevaliwa. Hilo peke yake linatosha kumnyima pesa zote anazodai. Ila kuna mahali ulijifunga mwenyewe: alipokwambia haimtoshi, ulimjibu "sawa, ilete" pasipo kuuliza lolote. Siku nyingine mteja akisema nguo haimtoshi, kabla ya kukubali mwambie akutumie picha tatu: shingo, makwapa, na pindo la chini, na lebo ionekane. Aliyevaa harusini ataanza kutoa sababu papo hapo, na ambaye hakuvaa atakutumia bila shida. Hata hivyo, kukubali kwako kupokea nguo isiyotosha si kukubali kupokea nguo iliyotumika, na hapo simama imara.

Kuhusu Uingereza, dada yake amemweleza kweli ila hakummalizia. Huko mtu aliyenunua kitu mtandaoni ana siku 14 tangu kukipokea za kuvunja mauzo pasipo kutoa sababu, kwa kanuni za mwaka 2013. Lakini kanuni hizo hizo zinamruhusu muuzaji kukata sehemu ya pesa ikiwa thamani ya kitu imepungua kwa sababu mnunuzi alikitumia kupita kiasi cha kukikagua. Kukikagua ni kama vile ungefanya dukani, unaivaa mbele ya kioo na kuivua. Kwenda nayo harusini, ukaifukiza na kuing'oa shanga, hakumo. Kwa hiyo hata London angekatwa. Mwambie hivyo kwa maneno machache tu, usimfanyie mhadhara.

Abaya usiifue, usiipeleke kwa dobi, usizishone hizo shanga. Wauzaji wengi hukosea hapa: hasira zikipanda hukimbilia kuisafisha nguo waiuze upya, na ushahidi wote unakwenda na maji. Ipige picha leo mchana karibu na dirisha, kila doa kwa karibu, na mahali shanga zilipotoka. Piga na video fupi ukiigeuza. Kisha ikunje, itie kwenye mfuko, uufunge. Mazungumzo yenu yote ya WhatsApp yahifadhi mahali pengine nje ya simu hiyo, pamoja na risiti ya basi ya kwenda na ya kurudi.

Halafu mwandikie yeye mwenyewe, si kwenye kundi. Ningekuwa wewe ningemwandikia hivi:

"Dada, salaam. Abaya nimeipokea. Imerudi na vipodozi shingoni, vumbi kwenye pindo, harufu ya udi, na shanga za mkono wa kulia zimetoka. Picha hizi hapa. Kwa hali hii siwezi kuiuza kama mpya, kwa hiyo siwezi kurudisha 4,500. Naweza kufanya moja kati ya mawili: nikurudishie abaya yako kwa nauli yako, au niitengeneze niiuze kama iliyotumika, nikutumie 1,500. Nijulishe kufikia Ijumaa. Nisipopata jibu, nitakurudishia abaya yako kwa basi, nauli utalipa ukiipokea."

Neno "harusi" halimo humo, wala kumwita mwongo. Umetaja unachokiona, umetoa njia mbili, umeweka siku. Hiyo 1,500 si deni, ni hisani, na ukiona hesabu haikubali, iondoe ubakize njia ya kwanza. Fanya hesabu yako kwanza: abaya uliinunua 3,800 au karibu yake. Ukimlipa pesa zote na nguo isiuzike, unahitaji kuuza abaya tano nyingine na zaidi kabla hujarudi ulipokuwa. Wifi yako hajaiona hesabu hiyo. Biashara haigombi, ndiyo, maana yake usitukanane na mteja. Haina maana kwamba kila anayepaza sauti alipwe, kwani ukimlipa huyu kwa kuogopa kelele zake, huku wa Malindi mpole anangoja, utakuwa umewafundisha wateja wako wote namna ya kudai.

Na ile picha, mwanangu, usiiweke. Najua imekuuma, na najua ingekupa ushindi wa jioni moja. Lakini Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na sura ya mtu ni data yake. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza baa moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja pasipo ridhaa yake, na mteja huyo hakuwa amesingiziwa lolote, alikuwa anajiburudisha tu. Wewe utaweka picha ya mtu ili aaibike, iliyotolewa kwenye stetasi ya mtu mwingine, na huenda nyuma yake wamo wanawake wa harusini waliovua mitandio yao wakijua wako wenyewe kwa wenyewe. Hao wamekukosea nini? Rafiki yako naye atajulikana kuwa ndiye aliyeitoa. Usimtishie nayo pia, kwani kumwambia mtu "nyamaza au nitakuanika" kunakuhamisha kutoka upande wa mwenye haki. Ibaki ulipoihifadhi. Likifika mbele ya hakimu, hapo ndipo mahali pake.

Kule Facebook jibu mara moja tu. Sema umeipokea nguo, umemwandikia mhusika mapendekezo mawili faraghani, na kwamba unarudisha pesa kitu kikiwa na kasoro. Basi. Usirudi kusoma maoni usiku wa manane, usimtume wifi wala shoga yako akutetee, watakuharibia. Namba yako mwombe msimamizi wa kundi aiondoe, hiyo ni haki yako vile vile.

Wa Mtwapa sina mengi ya kukuambia, kwa sababu hapo hakuna mgogoro wa bidhaa. Piga simu huduma kwa wateja wa M-PESA ukiwa na namba ya muamala, mazungumzo yenu na jina la mwenye boda boda aliyefikisha mzigo, uyapinge marejesho hayo. Nenda kituo cha polisi uandikishe, upate namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Wengi hawaendi kwa sababu pesa ni kidogo, na ndiyo maana mtu mmoja huwafanyia wauzaji kumi mchezo ule ule. Mahakama ya Madai Madogo nayo ipo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016: inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia mwenyewe pasipo wakili, na kesi inatakiwa kumalizwa ndani ya siku 60. Kwa 2,800 huenda usione faida ya kwenda, lakini kumjulisha aliyekuibia kwamba unaijua njia yenyewe kunasaidia. Kuanzia sasa, kwa mteja mgeni, tazama salio lako mwenyewe kabla boda boda hajaondoka, usiamini picha ya skrini wala ujumbe aliokutumia yeye, kwani ujumbe wa malipo hughushiwa. Na pesa za mauzo usiziache zikalala kwenye laini, kwa sababu pesa ambazo bado zipo ndizo rahisi kurejeshwa. Hamishia benki au lipia mzigo.

Nataka tukae kidogo kwenye namna unavyouza, kwa sababu kesi mbili kati ya hizi tatu zilikwisha kuamuliwa kabla mzigo haujafika stejini.

Picha piga mwenyewe. Kitandike kitambaa karibu na dirisha asubuhi, zima taa, weka kitu cheupe pembeni ili jicho lipate cha kulinganisha. Picha ya kiwandani iweke ukipenda, lakini iwe ya pili, na useme ni ya kiwandani. Rangi itaje kwa jina ambalo wateja wako wanalijua, na kama iko katikati ya rangi mbili, sema iko katikati. Utapoteza mteja mmoja aliyetaka damu ya mzee safi, na hutampoteza kwa ugomvi.

Saizi nayo inaleta malalamiko mengi kuliko rangi. Abaya huuzwa kwa namba za urefu kwa inchi, 54, 56, 58, na wateja wengi hawajui namba zao. Wanasema "mimi ni wa kati". Usikubali jibu hilo. Mwambie achukue abaya aliyo nayo inayomkaa vizuri, aipime kwa utepe kutoka begani mpaka pindoni, na upana wa kifua, akutumie. Wewe nawe pima uliyo nayo kwa mkono wako, usiamini lebo, maana 56 ya fundi mmoja si 56 ya mwingine.

Kabla ya kufunga mzigo, shonea lebo kubwa ya karatasi ngumu kifuani, kwa uzi wa rangi ya kung'aa, mahali ambapo hakuna mtu anaweza kuivaa nguo hadharani nayo ikiwepo. Si kwapani wala shingoni kwa ndani, ambako mtu huificha. Kuijaribu nyumbani haitamzuia, kwenda nayo harusini itamzuia. Mwambie mteja mapema kwamba lebo ikitoka, nguo ni yake. Kisha piga video unapoifunga: nguo mbele na nyuma, shanga, zipu, lebo, jina la mteja juu ya bahasha, mpaka gundi inapobandikwa, bila kukata. Mtumie video hiyo pamoja na risiti ya basi. Mwombe naye apige video anapofungua. Mteja mkweli hakasiriki, kwa sababu video hiyo inamlinda yeye pia ikiwa mzigo umefunguliwa njiani.

Na masharti yako yaandike upya, mafupi, uyatume kwa kila mteja kabla hajalipa, umwombe ajibu "nimekubali". Mfano:

"Kitu kikiwa na kasoro au hakifanani na tangazo, nijulishe ndani ya siku mbili ukiwa na picha; nitakurudishia pesa zote na nauli zote. Saizi isipokutosha, tunabadilisha ndani ya siku tatu, lebo iwe mahali pake, nauli ni yako. Herini, nguo za ndani na kofia za mtandio hazibadilishwi zikishafunguliwa. Pesa zinarudi kwenye namba ile ile iliyolipa."

Hilo la mwisho usilipuuze. Kuna watu hulipa kwa laini ya mwingine kisha wakaomba warudishiwe kwenye laini yao, halafu mwenye laini ya kwanza anakuja kudai, na wewe umelipa mara mbili.

Daftari unalo? Wazee wamesema mali bila daftari huisha bila habari, na kwenye marejesho ndivyo ilivyo haswa. Andika kila kilichorudi: nini, kutoka kwa nani, kwa sababu gani, kimekugharimu kiasi gani. Baada ya msimu mmoja utaona kama tatizo ni rangi, ni saizi, au ni duka fulani la jumla ambalo nyuzi zake hazishiki. Kama ni duka, hapo rudi Eastleigh ukazungumze na mwenyewe. Kwa sasa kila kasoro inaishia mfukoni mwako, kwa sababu unachukua bunda lililofungwa unakimbilia basi. Lifungue pale pale dukani, vuta mishono, panda na kushuka na zipu, kung'uta shanga. Patana naye kabla ya kulipa kwamba kibovu kinabadilishwa safari ijayo, na aandike kwenye risiti. Ukiwa mnunuzi wa kila mwezi atakubali, na akikataa yako maduka mengine kwenye jengo lile lile.

Leo usiku, kabla hujamwandikia wa Nairobi, mtumie wa Malindi pesa zake zote na nauli, na umwombe radhi kwa kumcheleweshea. Kwenye lile kundi la Facebook kuna mtu atauliza kama umewahi kumrudishia yeyote pesa, na ukisema ndiyo, iwe ni kweli.